Spika sita, masikio matatu

Najua nimeadimika, na nimesikia wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani. Test zilifuatana kama daladala za asubuhi, na sababu ya pili ya ukimya mtaisoma hapa hapa.

Leo naandika juu ya sauti. Bumu lilipotoka nilifanya kosa ambalo naona wenzangu wengi wako mbioni kulifanya. Katika kulirekebisha nikagundua kosa jingine, kubwa zaidi, na hilo halikuwa la pesa. Nianze na la pesa maana ndilo linalochekesha.

Hapa geto, Changanyikeni, tunaishi wawili. Chumba kimoja, vitanda viwili, meza moja, na kompyuta ya mezani ya mtumba niliyoinunua mwaka wa kwanza. Mimi ni mtu wa sinema tangu utoto. Nimekulia banda umiza, benchi la mbao, luninga moja mbele na spika moja kubwa iliyokuwa inakoroma. Nilikuwa na ndoto moja: nikae katikati ya chumba changu, nisikie helikopta ikitokea nyuma ya kisogo, ipite juu, iishie mbele. Siyo ikorome ndani ya boksi.

Basi nikaenda Kariakoo. Duka silitaji. Nikakuta sabufa kubwa na spika zake tano ndogo, boksi limeandikwa "5.1" kwa namba kubwa kuliko jina la waliolitengeneza. Muuzaji akaniambia, "Mdogo wangu, hii ukiwasha mtaa mzima unajua." Hapo hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Mimi nilitaka sinema iingie chumbani, yeye ananiuzia mtaa mzima. Sikushtuka. Nikahesabu laki moja na themanini, nikapanda mwendokasi na boksi langu mapajani mpaka Ubungo, halafu bodaboda.

Usiku ule nikapanga spika pembe zote za chumba, nikachomeka, nikawasha. Kelele ilikuwepo, siwezi kudanganya. Mwenzangu alikuwa amejilaza kageukia ukuta, na wala hakushtuka, nikasema moyoni huyu jamaa ni mvumilivu. Baada ya dakika kumi mlango ukagongwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hiyo ngoma inaisha saa ngapi? Huku kwangu sahani zinacheza kabatini."

Nikapunguza. Na nilipopunguza ndipo nikasikia ukweli: helikopta haikuwa inapita popote. Ilikuwa inatoka kwenye spika zote tano kwa wakati mmoja. Mtu anayeongea mbele, anaongea pia nyuma yangu. Nikazunguka nyuma ya sabufa na tochi ya simu. Matundu mawili tu ya kuingizia sauti: jekundu na jeupe. Nikakaa chini.

Kwa wasioelewa kilio changu, nieleze. 5.1 maana yake ni njia tano kamili za sauti, kila moja na habari yake: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia. Hiyo .1 ni njia ya sita inayobeba mingurumo ya chini tu, ndiyo inayokwenda kwenye sabufa. Sasa njia sita haziwezi kupita kwenye matundu mawili bila kufungashwa kwa namna maalumu, na tundu jekundu na jeupe halijui kufungasha. Linapokea kushoto na kulia, basi. Mashine yangu ilichukua hizo mbili ikazigawa kwenye spika tano, kama mtu anayepiga fotokopi. Bluetooth yake nayo ni ile ile, kushoto na kulia. Nimelipa spika tano kusikiliza stirio mara mbili na nusu.

Kwa hiyo wadau, kabla hujatoa hela, usihesabu spika. Geuza boksi uangalie mgongo. Ukikuta matundu sita, au tatu za pini ndogo, hapo kuna mazungumzo. Ukikuta HDMI, vizuri zaidi, maana HDMI inaweza kubeba mpaka njia nane bila kuzibana. Ule waya mwembamba wa mwanga nao unabeba 5.1, ila lazima iwe imebanwa kwa Dolby Digital au DTS. Ukiona jekundu na jeupe peke yake, hiyo ni stirio iliyovaa suti ya kuazima.

Na si sisi wa kwanza kuuziwa hesabu. Stirio yenyewe ni ya zamani. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliiombea hataza mwaka 1931. Mwaka 1940 Disney walionyesha Fantasia kwa mfumo wenye spika zaidi ya zile za mbele. Lakini miaka ya 1970 makampuni yakaja na santuri za njia nne, kila kampuni na mfumo wake usiopatana na wa jirani. Watu wakanunua, mashine hazikuelewana, na muongo haukuisha kabla biashara ile haijafa. Njia 5.1 za Dolby Digital zilikuja kushika kwenye majumba ya sinema kuanzia mwaka 1992 na Batman Returns. Yaani hata wenye hela zao walishalizwa, sembuse mimi na bumu.

Kurudisha ilishindikana, "mali ikishatoka imetoka". Nikaanza kusoma, nondo za sauti badala ya nondo za test. Na hapa ndipo nikagundua kwamba nusu ya nilichokuwa nakitafuta kilikuwa ndani ya kompyuta yangu muda wote.

Angalia nyuma ya kompyuta ya mezani. Nyingi zina matundu madogo ya rangi. La kijani ndilo tunalolijua, la spika za mbele. Jeusi ni la spika za nyuma. La machungwa ni la katikati na sabufa. La waridi ni la maiki, la bluu ni la kuingizia sauti. Kama yako ina matatu tu, mara nyingi programu ya sauti inakuruhusu kubadilisha kazi ya la bluu na la waridi yawe ya kutolea. Kwa hiyo kompyuta ile ya mtumba, ambayo watu wanaidharau, ilikuwa inaweza kutoa sauti ya kuzunguka. Mashine ya laki na themanini ndiyo iliyokuwa haiwezi.

Nilichofanya ni hiki. Sabufa nikaichomeka kwenye tundu la kijani, nikatumia spika zake mbili tu mbele. Zile tatu nikazirudisha kwenye boksi. Kwa jamaa mmoja anayemaliza mwaka nikanunua spika mbili za zamani za mezani, zenye umeme wake, elfu kumi na tano. Hizo nikazichomeka kwenye tundu jeusi. Nikaingia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, nikachagua spika nne badala ya mbili, nikabonyeza kujaribu. Mlio ukatoka mbele kushoto. Ukahamia mbele kulia. Ukaja nyuma, kulia, halafu kushoto. Nilipiga makofi peke yangu.

Kuhusu kupanga, kila mtu ananiambia "weka kwenye kona". Usiweke kwenye kona. Wataalamu wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wana mpango wao wa 5.1: ukikaa unatazama mbele, spika za mbele ziwe nyuzi 30 kila upande, na za nyuma ziwe kati ya nyuzi 100 na 120. Maana yake hizo "za nyuma" kwa kweli ziko ubavuni, zimerudi nyuma kidogo ya masikio. Sisi tulishazoea kuzitupa mwisho wa chumba. Spika zote ziwe umbali sawa na kichwa, maana sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kila mita inakula karibu milisekunde 3, na sikio linazihesabu hata kama wewe huzihesabu. Sabufa yenyewe iweke popote panapokaa vizuri. Mngurumo wa hertz 80 una urefu wa mita 4 na ushee, zaidi ya chumba changu, kwa hiyo ni vigumu sikio kujua unatoka upande gani. Ila isigusane na ukuta wa mama mwenye nyumba.

Halafu kitu cha mwisho: faili lenyewe. Nyimbo nyingi tunazosikiliza zimetengenezwa kwa stirio. Zile sinema za kutafsiriwa nilizonazo mimi zote ni njia mbili. Huwezi kuvuna usichopanda. Nilipopata sinema yenye njia 5.1 kamili na kuicheza kwa VLC, helikopta ikatokea nyuma ya kisogo kama nilivyoota tangu banda umiza.

Sasa, mitihani ikakaribia, na mama mwenye nyumba naye ana haki ya kulala. Nikahamia kwenye hedifoni. Na hapa nikawa mhubiri kabisa, mlionitembelea mwezi ule mnajua. Nilikuwa namwambia kila mtu: spika ni ushamba, mwanafunzi anahitaji hedifoni ya elfu tano na kichwa chake.

Hoja yangu ilikuwa hii. Fikiria alfajiri hapa kwetu, adhana zinapoanza. Uko kitandani umefumba macho, lakini unajua msikiti huu uko bondeni, ule uko barabarani, na yule mwadhini wa mbali anakufikia baada ya wenzake. Hakuna aliyekupangia spika. Umejuaje? Masikio yako mawili yameachana kwa upana wa kichwa. Sauti ya kulia inafika sikio la kulia mapema kuliko la kushoto, kwa tofauti isiyofika hata milisekunde 1. Kichwa nacho kinaikinga ile inayovuka, inafika imepungua. Na mikunjo ya sikio la nje inaibadilisha kidogo kutegemea inatoka juu, mbele au nyuma. Ubongo unapiga hesabu zote hizo kabla hujageuka.

Sasa kompyuta inaweza kuiga hesabu hizo. Inachukua njia zote sita, inazichelewesha na kuzipunguza kama kichwa kingefanya, halafu inazimimina kwenye hedifoni ya kawaida. Windows imekuwa na kitu hicho ndani yake tangu mwaka 2017, kinaitwa Windows Sonic, bure kabisa, ni kukiwasha tu. Dolby Atmos ya hedifoni ipo pia, ila hiyo ya kulipia. Sauti ya kuzunguka, bila spika hata moja, bila kugombana na mtu. Nikaona nimemaliza kazi.

Usiku mmoja nikamvalisha mwenzangu wa chumbani. Ameniruhusu niandike haya, ila jina nisilitaje. Nilimwekea rekodi ya kinyozi anayekuzunguka na mkasi, ile ambayo kila niliyemvalisha alikuwa anacheka na kushika shingo. Yeye hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua, akasema, "Nzuri."

"Umemsikia alivyopita nyuma?"

Akanyamaza kidogo. "Kaka, mi namsikia anakuja anapotea. Anakuja, anapotea."

Nikadhani waya umekatika, nikaanza kuukunja kunja. Akanizuia mkono. "Waya mzima. Sikio langu la kushoto halifanyi kazi. Tangu darasa la tatu, matubwitubwi."

Jamani. Nimeishi na huyu mtu mwaka mzima. Kitanda chake na changu havifiki mita mbili. Na nilikuwa nimeshamsema, hata kwa baadhi yenu mnaosoma hapa, kwamba ana maringo, unamsalimia anapita kama hakuoni. Sasa nikaanza kukumbuka: nilikuwa namsalimia kutokea upande upi? Kule ukumbini anakaa siku zote safu za kushoto kabisa, ukutani, nikadhani anakimbia maswali. Kumbe akikaa pale, darasa zima linakuwa upande wa sikio lake la kulia. Na ule usiku wa sabufa hakuwa mvumilivu. Alikuwa amelalia sikio zima.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nikisema, watu wanaanza kunipigia kelele kama mzee. Si kelele ninayokosa."

Hiyo sentensi imenikaa. Si kelele anayokosa. Mimi niliuziwa kelele nikiambiwa ni mzingo, nikalia. Halafu nami nikageuka muuzaji, nikamwambia kila mtu kwamba hedifoni ndiyo jibu, wakati hesabu yote ya hedifoni inaanza na neno "mawili". Mwenye sikio moja hapewi kinyozi anayezunguka. Anapewa nusu ya sinema, na hajui nusu ipi imempita.

Na sinema ni jambo dogo. Akanionyesha rekodi za mihadhara tunazotumiana kwenye magrupu. Moja ya zile nilizorekodi mimi mwenyewe, kwa maiki ya kuchomeka, ilikuwa na sauti upande wa kushoto tu. Mwenye masikio mawili hajali, anasikia. Yeye alichomeka, akasikia kimya, akadhani faili limeharibika. Siku alipogundua akaanza kuvaa hedifoni kinyume, ya kushoto kwenye sikio la kulia. Test ile alipata chini, nami nilikuwa nimemtania.

Dawa yake ilikuwa dakika moja. Kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya ufikivu, kuna swichi inayounganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja. Simu za Android na iPhone nazo zinayo. Ukiiwasha, hakuna kinachopotea upande wowote. Mzingo unakufa, lakini maneno yote yanafika. Tuliiwasha kwenye simu yake usiku ule ule.

Halafu tukarudi kwenye spika, wote wawili. Kwenye spika sauti ya pande zote inafika chumbani, kwa hiyo angalau inafika kwenye sikio lake. Tukafanya jaribio: akafumba macho, nikabonyeza milio ya spika nne moja moja. Akiwa ametulia alikosea nyingi. Nikamwambia ageuze kichwa anavyotaka, akaanza kupatia. Si zote, lakini zaidi. Alicheka siku hiyo.

Tukapanga upya. Za nyuma nilikuwa nimezipandisha ili nizisikie vizuri. Tukazishusha, kwa sababu yeye kelele za nyuma zinafunika maneno ya mbele kuliko zinavyonifunika mimi. Za mbele tukazipandisha kidogo. Kiti chake kimehamia kushoto ili sikio la kulia litazame spika. Helikopta yangu sasa inapita kwa mbali kidogo, siyo kama ile ya usiku wa kwanza. Nimekubali. Maongezi ya sinema anayasikia, na tunaicheka pamoja, siyo mimi nacheka halafu nageuka kumweleza.

Kwa hiyo maoni yangu, mchukue mtakachochukua. Sisi wanafunzi tunanunua sauti kama tunavyonunua mchele, kwa uzito. Spika ngapi, wati ngapi, mtaa gani utajua. Sauti ya kuzunguka si wingi. Ni mpango wa nani amekaa wapi na anasikia nini. Ukianza na swali hilo, unaweza kuipata kwa kompyuta ya mtumba na spika za elfu kumi na tano. Ukianza na boksi, utaishia na tochi nyuma ya sabufa kama mimi.

Na ombi moja kwenu mnaorekodi mihadhara: kabla ya kutuma kwenye grupu, vua upande mmoja wa hedifoni usikilize, kisha upande wa pili. Kama kuna upande uko kimya, unganisha. Huwezi kujua nani anasubiri upande wa pili, na hatakwambia.

Spika tatu zilizobaki bado ziko kwenye boksi chini ya kitanda. Anayezitaka aje, bei tutaongea, ila simdanganyi kwamba ni 5.1. Akinikuta natoka aingie tu, amsalimie mwenzangu. Apitie upande wa kulia.